Umeandika Moshi, GPS Inakupeleka Mtwara: Kutatua Mkanganyiko wa Misimbo ya Viwanja na Vituo vya Redio

Saa moja na nusu asubuhi, Kisongo, kiwanja cha ndege cha Arusha. Injini inanguruma, Meru uko wazi hadi kileleni, na mwanafunzi wangu anaingiza safari ya Arusha kwenda Moshi kwenye GPS. Nikamsikia ananong'ona: "Maili mia nne sitini na kitu." Akanigeukia. "Mwalimu, hiki kifaa kibovu."

Kifaa kilikuwa kizima. Alitaka kuandika HTMS, akaandika HTMT. S na T ni jirani kwenye alfabeti, na kwenye GPS ya kuzungusha kitufe zimetenganishwa na mzunguko mmoja mdogo, ule unaotokea vidole vikiwa na baridi ya Juni. Moshi ikawa Mtwara. Tulicheka, akasahihisha, tukaruka. Bahati yake ni kwamba kosa lilikuwa kubwa. Lingekuwa dogo, tungepaa nalo.

Hayo makosa madogo ndiyo yaliyonifanya niandike mwongozo huu. Nimepanga kwa dalili, yaani kile unachokiona kwenye skrini au kukisikia masikioni, halafu sababu, halafu la kufanya. Kwanza tuelewane kuhusu majina, kwa sababu nusu ya ugonjwa iko hapo.

Kiwanja kimoja kina misimbo miwili. Ule wa herufi tatu ni wa tiketi na vibandiko vya mizigo: Arusha ni ARK, Kilimanjaro ni JRO, Moshi ni QSI, Dar es Salaam ni DAR. Ule wa herufi nne ni wa marubani na waongoza ndege: HTAR, HTKJ, HTMS, HTDA. Herufi mbili za mwanzo zinataja nchi. HT ni Tanzania, HK ni Kenya, HU ni Uganda, HR ni Rwanda, HB ni Burundi. Kisha kuna vituo vya redio vya kuongozea ndege, VOR na NDB, ambavyo msimbo wake ni herufi moja hadi tatu na hutangazwa hewani kwa mlio wa Morse. Wengine huviita bikoni, ila huku kwetu ukisema bikoni mtu anawaza jiwe la mpaka wa shamba, kwa hiyo nitasema kituo. Mwisho kuna vipoint vya angani vya herufi tano, ambavyo havina jengo wala waya, ni jina tu la mahali.

Na KIA? KIA ni jina letu la mitaani la kiwanja cha Kilimanjaro. Kila dereva wa teksi kati ya Himo na Monduli analijua, lakini halimo kwenye misimbo ya kiwanja chetu. Kwenye orodha ya herufi tatu, KIA ni Kaiapit, kiwanja kidogo Papua New Guinea. Basi usiliandike kwenye kifaa chochote.

Dalili: umbali kwenye skrini ni wa ajabu

Umeandika msimbo, skrini inakwambia maili 469, au 5,000, au 7,000 (maili zote humu ni za baharini). Hii ndiyo dalili njema kuliko zote.

Ikiwa ni maelfu, karibu kila mara umechagua kituo cha bara jingine chenye herufi zilezile. Misimbo ya VOR na NDB haiko peke yake duniani. Kanuni za kimataifa zinataka msimbo usirudiwe ndani ya maili 600 za baharini kutoka kituo chenyewe; zaidi ya hapo, herufi zilezile zinaweza kutumika tena. Unapoandika herufi mbili, GPS nyingi zinakuletea orodha ya vituo vyote vyenye herufi hizo pamoja na nchi zake. Mwanafunzi mwenye haraka anabonyeza ENTER mara mbili bila kusoma, na cha kwanza kwenye orodha kinaingia.

Ikiwa ni mamia, angalia herufi ya mwisho ya msimbo wa kiwanja. Tanzania tuna ukoo mzima wa HTM: Moshi HTMS, Mtwara HTMT, Musoma HTMU, Mwanza HTMW, Mbeya HTMB, Morogoro HTMG, Mafia HTMA. Nchi yetu inapenda majina yanayoanza na M, na waliogawa misimbo hawakuwa na la kufanya. Wapo pia HTSN na HTSO: ya kwanza ni Seronera, katikati ya Serengeti, ya pili ni Songea. Kutoka Kisongo, Seronera iko kama maili 120 upande wa kaskazini-magharibi, wakati Songea iko zaidi ya maili 430 kusini. Hapo hata mafuta yatakukatalia.

La kufanya ni jambo moja. Kabla hujagusa GPS, andika kwenye karatasi umbali na uelekeo uliopima kwa rula kwenye ramani. Andika kwa kalamu, usitegemee kukumbuka. Kifaa kikishakubali msimbo, linganisha. Tofauti ya maili moja au mbili, sawa. Tofauti ya maili tano, simama hapohapo.

Dalili: umbali unakaribia kuwa sawa, lakini kitu hakikai vizuri

Hapa tukae, kwa sababu ndipo watu wanapokufa.

Chukua HTMU na HTMW. Kutoka Arusha, Musoma iko kama maili 200 na Mwanza kama maili 230. Zote ziko magharibi, zote ziko kando ya Ziwa Victoria, na zote unazifikia kwa kuvuka Ngorongoro na Serengeti. Rubani anayetazama umbali tu anaona "mia mbili na ushee", anaridhika. Tofauti iko kwenye uelekeo: nyuzi kama 20. Nyuzi 20 kwa safari ya saa moja na nusu ni tofauti ya mji mmoja na mwingine. Ndiyo maana nasema umbali na uelekeo, vyote viwili. Kimoja peke yake kinaweza kusema uongo kwa bahati.

Mkanganyiko wa pili wa aina hii ni kati ya kiwanja na kituo chenye jina la kiwanja. VOR mara nyingi hupewa jina la mji au kiwanja kilicho jirani. Ukitafuta kwa jina badala ya msimbo, orodha inaweza kukuletea vyote viwili, kimoja chini ya kingine, na tofauti ni alama ndogo pembeni. Kituo kinaweza kuwa ndani ya eneo la kiwanja, kinaweza kuwa kilimani maili kadhaa mbali. Hata kikiwa ndani ya uzio, hakiko kwenye kizingiti cha njia ya kurukia. Ukikifuata mchana mweupe utaona kiwanja kikiwa kushoto kidogo, utajisahihisha bila hata kujua kwamba ulikosea. Ukikifuata kwenye mawingu ya asubuhi yanayokaa juu ya Kisongo mwezi Julai, hutaona kitu.

Waliosomea urubani Marekani hurudi na tabia moja ya hatari. Kule, kiwanja kikubwa ni herufi tatu zenye K mbele: San Francisco ni KSFO, na VOR iliyopo pale ni SFO. Ukiweka K umeita kiwanja, ukiiacha umeita VOR. Wakirudi nyumbani wanadhani HT ni kama ile K, unaiweka au unaiacha. Hapana. HTKJ ukitoa HT inabaki KJ, na HTAR inabaki AR. Hizo ni herufi mbili, na herufi mbili ni umbo lilelile la misimbo ya vituo vya redio. Umetoka kwenye viwanja bila kujua, umeingia kwenye orodha ya vituo vya dunia nzima.

Mfano mchungu wa jambo hili unajulikana na kila mwalimu. Usiku wa Desemba 20, 1995, Boeing 757 ya American Airlines, safari namba 965 kutoka Miami, ilikuwa inashuka kuelekea Cali, Colombia, kwenye bonde lililobanwa na milima pande mbili. Njia iliyobaki mbele yao ilipitia kituo cha NDB kiitwacho Rozo, ambacho kwenye chati kimeandikwa kwa herufi moja tu: R. Wakaandika R kwenye kompyuta ya ndege. Kompyuta ikaleta orodha, na cha kwanza kilikuwa Romeo, kituo cha karibu na Bogotá, zaidi ya maili 130 kutoka hapo. Rozo haikuwemo kabisa chini ya herufi R. Kwenye kumbukumbu ya ile kompyuta, ili uipate ilibidi uandike jina lote, ROZO. Chati ilisema R, kompyuta ilijua ROZO, na marubani walikuwa katikati, wamechoka, wana haraka, ni usiku. Ndege ikageuka kushoto taratibu kuelekea mlimani. Walipogundua wakageuza kulia, lakini walikuwa wameshashuka mno. Watu 159 kati ya 163 walifariki.

Ninapowasimulia wanafunzi huwa nawauliza: alama ya kwanza ilikuwa wapi? Wengi wanasema kengele ya onyo la mlima. Alama ya kwanza ilikuwa mstari kwenye skrini, ule unaoonyesha njia mpya, uliopinda kwenda upande ambao hakuna aliyeutarajia. Basi kanuni yangu ni hii: ukishaingiza msimbo, usibonyeze kitufe cha kukubali mpaka umeona mstari unaelekea wapi kwenye ramani ya skrini. Ukitoka Kisongo kwenda Moshi, Meru lazima uwe kushoto kwako mwanzoni, kisha Kilimanjaro mbele kushoto. Mstari ukiiweka milima hiyo kulia kwako, au ukipita kati yake, mkono utoke kwenye kitufe.

Na kama uko na mwenzako, asome yeye kwa sauti: jina zima la mahali, aina yake, nchi yake. "Moshi, kiwanja, Tanzania." Ukiwa peke yako jisomee mwenyewe. Unaonekana kichaa, lakini hakuna abiria aliyewahi kudai nauli yake kwa sababu hiyo.

Dalili: sindano inasema hivi, kipima umbali kinasema vile

Umeweka masafa ya VOR ya KIA. Sindano ya uelekeo imetulia katikati, lakini DME, yaani kipima umbali, inakuonyesha umbali usiowezekana, au umbali hausogei kama unavyosogea wewe.

Kabla hujalaumu kituo, angalia vitu vitatu ndani ya ndege yako. Kwanza, sindano inasoma nini? Kwenye GPS nyingi za ndege ndogo kuna kitufe kimoja kinachobadilisha sindano kati ya GPS na VOR. Ikiwa imebaki GPS, sindano inafuata msimbo uliouandika, siyo kituo ulichokitafuta redioni. Umeandika kitu kimoja, umetafuta masafa ya kitu kingine, na unadhani vinakubaliana. Pili, je, DME iko kwenye HOLD? Hiki ni kitufe kinachoifanya DME ing'ang'anie masafa ya zamani hata ukibadilisha redio. Rubani wa jana alikiacha, wewe umerithi. Tatu, redio yako ya kwanza na ya pili zina masafa gani, na DME inasikiliza ipi?

Kipimo cha haraka kwa walio Arusha: Kisongo na KIA ziko mbali kama maili 27. Ukiwa juu ya kiwanja cha Arusha na DME ya KIA inasoma 27 hivi, mambo yako sawa. Ikisoma 3, au 60, umeshika kituo kingine au umeshika namba ya zamani. Kumbuka pia kwamba DME hupima umbali wa mshazari: ukiwa juu kabisa ya kituo, futi 6,000 kutoka ardhini, itakuonyesha maili moja na haitashuka zaidi. Hiyo si hitilafu.

Kibendera chekundu cha kuonya kwamba mawimbi hayafiki kikibaki na sindano haina uhai, fikiria mlima. VOR ni kama tochi, haipiti ukutani. Ukiwa chini nyuma ya Meru, Meru ndio ukuta. Panda kabla hujahukumu.

Dalili: nasikia milio, lakini si herufi za kwenye chati

Siku hizi vijana hawasikilizi kabisa, wanatazama skrini iliyojitafsiria herufi. Mimi nasema sikiliza, kwa sababu namba ya masafa unaweza kuikosea kwa tarakimu moja na redio haitakusuta. Mlio ndio mlinzi pekee wa mlangoni.

Lakini mlio una mitego. Herufi kadhaa za Morse ni vioo vya nyingine. A ni fupi-refu, N ni refu-fupi. D ni refu-fupi-fupi, U ni fupi-fupi-refu. B ni refu na fupi tatu, V ni fupi tatu na refu. Ukianza kusikiliza katikati ya msimbo wa herufi mbili, sikio linashika herufi ya pili kama ya kwanza, na ukichanganya na uchovu unaandika kitu ambacho hakipo. Subiri ukimya mrefu, ule wa kati ya tangazo moja na lingine, ndipo uanze kuhesabu. VOR hutangaza jina lake angalau mara moja kila sekunde 30. Kungoja nusu dakika hakujawahi kumchelewesha mtu.

Kituo chenye VOR na DME pamoja kitakutatanisha zaidi: utasikia msimbo mara kadhaa kwa sauti nzito, halafu mara moja kwa sauti nyembamba. Hiyo nyembamba ni DME. Ukisikia nyembamba tu, na ile nzito haipo, VOR imezimika na DME peke yake ndiyo inafanya kazi, usifuate sindano.

Ukisikia ukimya kabisa huku sindano inatembea, usiiamini hata kidogo. Mafundi wakifanya matengenezo huondoa msimbo makusudi ili usikitumie kituo. Nchi nyingine hurusha neno TEST badala yake: refu, fupi, fupi tatu, refu. Sindano inaweza kuonekana nzuri kuliko siku zote wakati huo.

Dalili: mpango wa safari umerudishwa

Hili ni la ofisini na ni jepesi. Kwenye fomu ya mpango wa safari, sehemu ya 13 ya kiwanja cha kuondokea na sehemu ya 16 ya kiwanja cha kufikia zinataka herufi nne. Ukiandika ARK au JRO kwa mazoea ya tiketi, itarudi. Njia, sehemu ya 15, ndipo misimbo ya vituo na vipoint inapokaa.

Tatizo la kweli la mkoa wetu ni viwanja vya porini ambavyo havina msimbo wowote. Hapo unaandika ZZZZ, kisha kwenye sehemu ya 18 unaeleza jina au mahali baada ya DEST/ au DEP/. Nimeona watu wakikwepa usumbufu huo kwa kuandika msimbo wa kiwanja jirani chenye herufi nne. Ndege ikichelewa, watu wataanza kuitafuta mahali ambapo haikukusudia kwenda. Andika ZZZZ.

Dalili: kiwanja chetu cha porini "kimehama"

Marubani wa safari za watalii hujitengenezea vipoint vyao kwenye GPS, kila mmoja na majina yake. Wewe umeita kambi fulani KAMBI1, mwenzako aliyeruka na ndege hiyohiyo wiki jana aliita kambi nyingine KAMBI1. Hakuna kanuni ya maili 600 kwenye vipoint vya binafsi.

Kosa la kawaida hapa si jina bali namba. Arusha iko nyuzi 3 na dakika 22 kusini. Ukisahau kubadilisha N kuwa S, kipoint kinaruka zaidi ya maili 400 na kutua upande wa Ziwa Turkana, Kenya. Ukiandika 3.22 ukidhani ni nyuzi 3 dakika 22, umekosea karibu maili tisa, kwa sababu dakika 22 ni 0.37 ya nyuzi. Na hili la tatu ndilo gumu kulinasa: sekunde zikiandikwa kama desimali za dakika. Dakika 22 na sekunde 30 ni 22.5, siyo 22.30. Tofauti ni mita 370 hivi. Kwa kiwanja kama KIA chenye njia ya kilomita tatu na nusu, hutaona. Kwa kipande cha nyasi kando ya mto, unalenga miti.

Wakubwa nao wamo. Machi 2015, Airbus A330 iliyokuwa ikitoka Sydney kwenda Kuala Lumpur iliwekewa longitudo 01519.8 mashariki badala ya 15109.8. Namba zilifanana, zimepangwa vibaya tu, na kompyuta ikaamini ndege iko zaidi ya kilomita 11,000 kutoka pale ilipoegeshwa. Mifumo ilivurugika angani, wakaishia kutua Melbourne.

Futa vipoint usivyovijua. Ukikabidhi ndege, kabidhi pamoja na orodha ya ulivyoviweka.

Dalili: msimbo ulikuwa sahihi mwaka juzi

Data za usafiri wa anga hubadilishwa kwa mzunguko wa siku 28, mara 13 kwa mwaka. Kadi ya GPS iliyolala haijui kilichohama. Mbeya ni mfano mzuri: kiwanja cha zamani cha mjini ni HTMB, na Songwe, kilichofunguliwa 2012, ni HTGW. Tiketi ya abiria imeendelea kusema MBI. Anayejaza mpango wa safari kwa kutazama tiketi atakwenda kwenye njia isiyo yake.

Dalili: hali ya hewa niliyosoma si hii ninayoiona

Umeomba taarifa ya HTKJ na unaruka kutoka HTAR. KIA iko futi 2,932 juu ya usawa wa bahari, Kisongo kama futi 4,550. Wingu ambalo KIA linaelea juu kabisa, Arusha linagusa paa za maduka. Soma herufi nne za mwanzo wa taarifa kabla hujasoma upepo.

Dalili: njia ya kurukia ni fupi kuliko ulivyotarajia

Hii si ya msimbo wa kwenye skrini pekee, ni ya macho. Arusha na KIA zote zina njia ya 09/27, yaani namba zilezile zimechorwa kwenye lami zote mbili, na ukitoka magharibi ukiwa na haraka unakutana kwanza na ile fupi. Desemba 18, 2013, Boeing 767 iliyokuwa inakwenda Kilimanjaro ilitua Arusha, kwenye njia ya takribani mita 1,600 wakati ya KIA ni kama mita 3,600. Hakuna aliyeumia. Namba ya njia haikwambii uko kiwanja gani, DME inakwambia. Juu ya Kisongo, 27. Juu ya KIA, karibu sifuri. Iwe macho yako yanasema nini, tazama hiyo namba kabla hujashusha magurudumu.

Dalili: mgeni ameshuka, gari halipo

Nimalizie na la chini, kwa sababu ndilo linalonipigia simu mara nyingi zaidi. Binamu yangu ana kampuni ndogo ya utalii mjini. Mgeni anaandika "nafika Arusha saa nane", binamu anatuma Land Cruiser Kisongo, mgeni anatoka nje ya jengo na kukuta mabasi ya Moshi na Himo. Tiketi ilisema JRO. Kwake yeye Arusha ni Arusha.

Siku hizi binamu hamwulizi mgeni anafikia mji gani. Anamwambia apige picha tiketi, kisha anatafuta herufi tatu: ARK, gari linaelekea barabara ya Dodoma, JRO, gari linaelekea barabara ya Moshi, na dereva aondoke saa moja mapema kwa sababu ya foleni ya Tengeru.